Pikapu ya Dagaa Mbele ya Kituo cha Polisi

Mimi polisi siwachukii. Nasema mapema, kwa sababu nikianza habari hii huwa naona watu wanasogeza viti vyao mbali kidogo. Siwachukii. Ninachochukia ni mawe yaliyopakwa chokaa. Mwanza mawe hayanunuliwi, yamejaa tele mpaka vyumbani mwa watu, na ndiyo maana kila ofisi ya serikali iliyotaka kumkataza mwananchi kitu ilikuwa inamtuma mtu na ndoo ya chokaa tu, basi. Ukiona jiwe jeupe, jua umekatazwa. Umekatazwa nini? Hilo utaambiwa ukishakosea.

Kituo chenyewe sikitaji. Miaka ile ya tisini kilikuwa na mawe meupe mengi kuliko askari.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari. Mwanzoni nilifundisha Siasa, nikawaambia watoto wa watu kwamba biashara binafsi ni unyonyaji. Vyama vingi vilipoingia somo likaitwa Uraia, na mimi nikageuzwa pamoja nalo, mwalimu yuleyule, chaki ileile, koti lilelile. Mke wangu hakungoja kugeuzwa na mtu. Wakati mimi bado nachora ubaoni jinsi mnyonyaji anavyofanana, yeye alikuwa Igogo ananunua dagaa kwa debe na kuwasafirisha. Pikapu ilikuwa yake. Ilitoka Japani ikapitia Uarabuni, ikafika kwetu imeshatumika mpaka kiti cha dereva kina umbo la makalio ya mtu mwingine. Likizo zikifika naazimwa. "Gari ni la dagaa," mke wangu alikuwa akiniambia kila akinipa ufunguo. "Wewe ni abiria unayeshika usukani."

Katika Uraia kulikuwa na mada ya vyombo vya dola, na swali nililolipenda mno: raia mwema akiibiwa afanye nini? Jibu: aende kituo cha polisi. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliniandikia, "Apige mwano." Nikamchapa sifuri, tena nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: Tuko karne gani?

Niwaeleze wasiojua. Mwano kwetu Usukumani ni yowe la hatari. Ukiibiwa, ukivamiwa, unapiga yowe, jirani analipokea, na jirani wa jirani, linavuka kilima mpaka kijiji cha tatu. Ukilisikia unatoka. Huulizi nani wala kwa nini, unachukua fimbo na filimbi yako unakimbia, kisha nyayo za ng'ombe zinafuatwa, watu wa kijiji hiki wanawakabidhi wa kijiji kile, mpaka mwizi apatikane. Kazi hiyo wanaisimamia sungusungu, yaani wanakijiji wenyewe. Na asiyetoka ana kesi. Mimi niliyajua haya toka utotoni. Nilikuwa nimesoma tu, ndilo tatizo.

Baba yangu aliishi mbele ya Bujora, mwendo mfupi kutoka barabara ya lami. Hakuwa tajiri. Zizini mwake mwaka huo mlikuwa na maksai wawili wa kukokota plau, na ng'ombe saba aliowakusanya kwa miaka sita, mmoja mmoja, kwa ajili ya mahari ya kumwolea mdogo wangu wa kiume. Wakwe walikuwa wanakuja kuwachukua Jumamosi ya wiki inayofuata. Ng'ombe saba, hakuna akiba, hakuna wa nane. Mmoja akipungua, binti anabaki kwao.

Nami nikaenda na pikapu kusalimia, maana likizo ya Juni ilikuwa imeanza. Asubuhi nikaamshwa na sauti ya mama. Zizi liko wazi. Maksai wawili wamebaki wamesimama kama wajinga, wale saba hawapo.

Mama alikuwa ameshapiga yowe na kilimani walikuwa wameshalipokea. Baba alitoka ndani na fimbo, filimbi shingoni, miguu peku. Alikuwa na miaka sitini na kitu lakini alikuwa anakimbia hata kwenda kuoga. Nikamzuia mlangoni. Mungu anisamehe, nilimshika mkono kabisa.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nakwenda wapi! Huoni nyayo? Zimeelekea milimani."

"Hiyo ni danganya toto. Wezi wa siku hizi hawatembei na ng'ombe kilimani, wanapakia kwenye lori. Twende polisi. Polisi wana simu ya upepo. Neno moja tu, barabara zote zinafungwa, Magu imefungwa, Shinyanga imefungwa, wanakamatwa kabla ya chai."

Hiyo simu ya upepo sikuwahi kuiona. Niliisoma kwenye kitabu cha kufundishia.

"Mwano unalia," baba akasema. "Mwenye zizi ni mimi. Niondoke?"

"Hao wenzako watafuata nyayo, sawa. Sisi tunafuata sheria. Au mimi ulinisomesha ya nini?"

Neno hilo ndilo lililommaliza. Aliuza ng'ombe kunisomesha, na kila mtu kijijini alikuwa amechoka kusikia jinsi mwanawe alivyosoma. Alinitazama, akatazama kilimani, akapanda gari na fimbo yake. Tulipofika njia panda tukakutana na majirani wanakimbia upande tunaotoka, vumbi hadi magotini, filimbi zinalia. Wakatupungia fimbo wakidhani tutageuza. Nikawapigia honi wanipishe. Baba aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha chini ya kiti.

Saa mbili kamili tulikuwa getini pa kituo. Askari wa geti alikuja taratibu, akavuta hewa, akarudi nyuma.

"Unakwenda wapi na harufu hiyo?"

"Kuripoti wizi wa ng'ombe, afande."

"Wizi unaripotiwa kaunta, sawa. Gari je?"

"Gari halina shida, afande. Naliingiza tu."

"Unaliingiza!" Akacheka peke yake. Akaninyoshea rungu kwenye kibao: MAEGESHO YA MAGARI YA POLISI TU.

Nikachungulia hayo magari ya polisi. Uwanja ulikuwa mpana, watu wangeweza kucheza mpira. Kulikuwa na Landrova moja iliyopandishwa juu ya mawe, haina tairi hata la dawa, kuku anatagia kiti cha nyuma, na juu ya boneti wake wa askari wameanika dagaa. Pengine walinunua kwa mke wangu. Pembeni ya Landrova kulikuwa na mtumbwi. Ndiyo, mtumbwi, umekamatwa na nyavu haramu, umefungwa karatasi yenye namba, umeegeshwa kihalali umetazama lango. Na kwenye nafasi ya mkuu wa kituo, iliyozungushiwa mawe meupe pande zote nne, palikuwa na baiskeli.

"Afande, mtumbwi huo ni gari la polisi?"

"Ule ni kielelezo. Vielelezo vinaruhusiwa. Wewe siyo kielelezo. Ondoa."

Nikaondoa, nikaenda kuegesha kando ya ukuta. Filimbi ikalia. Kandokando ya ukuta hapakuruhusiwa kwa sababu za usalama, ingawa kina mama wanne walikuwa wamekaa palepale wanauza maandazi na viazi, kwa usalama kabisa. Nikavuka barabara nikasimama mbele ya kibanda cha mpiga picha. Trafiki akatokea sijui wapi, akaniambia pale ni mkabala na lango, polisi wakitoka kwa dharura nitakuwa nimeziba njia. Nilitaka kumuuliza watatoka na nini, na baiskeli au na mtumbwi? Nikazunguka tena. Nyuma ya kituo palikuwa na nafasi nzuri ya kivuli, yenye jiwe moja tu, tena halijapakwa kitu. Nikafurahi. Nikashuka. Nikageuka nikakuta mtu mwenye ndoo ya chokaa ameshachuchumaa analipaka.

"Wewe mwalimu," baba akasema tulipopita getini mara ya nne. "Hivi tumekuja kushitaki au tumekuja kuposa? Mbona tunazunguka nyumba ya watu hatuingii?"

Ningekuwa na akili ningegeuza gari pale pale. Saa tatu na nusu hii, ningekuta watu bado wanafuata nyayo, ningemshusha baba akimbie nao. Lakini nina kichwa kigumu, na kikishapata moto huwa kinazidi kuwa kigumu. Nikasimamisha pikapu kandokando ya wauza maandazi, nikamwambia baba, "Kaa humu. Mtu akiuliza, sema dereva yupo." Nikaingia kaunta kwa hasira zangu zote.

Kaunta kulikuwa na koplo mmoja, mnene, mpole, daftari kubwa mbele yake.

"Shikamoo afande," nikamwamkia, japo nilimzidi umri. Ukiwa na shida unaamkia hata mlango.

"Marahaba. Una karatasi?"

"Karatasi ya nini?"

"Ya kuandikia maelezo. Kituo hakina karatasi. Vuka barabara pale duka la pili, nunua mbili. Na kalamu yako inaandika?"

Nikavuka, nikanunua, nikarudi. Koplo akalaza karatasi, akaijaribu kalamu yangu kwenye kiganja, akaridhika nayo, akainua uso.

"Haya. Pikapu nyeupe pale nje, yenye mzee mwenye fimbo, ni yako?"

"Ndiyo, lakini nimekuja kwa habari ya ng'ombe saba. Wameibwa alfajiri, kila dakika wanakwenda mbali, naomba sana afande piga hiyo simu ya upepo."

"Imeharibika. Tunaanza na gari."

"Gari halijaibwa!"

"Ndiyo maana. Ng'ombe wameshaondoka, gari lipo. Mpelelezi anaanza na kilichopo."

Akaandika. Aliandika kwa mwandiko mzuri, bila haraka, herufi zinafungana mikia. Mlalamikiwa aliegesha chombo cha moto kando ya ukuta wa kituo huku akijua au akipaswa kujua. Aliposoma kwa sauti nikasikia jinsi nilivyo mtu hatari. Kisha akasema pikapu inashikiliwa kama kielelezo, na akaniomba nikaiingize uwanjani.

Basi bwana, yule askari wa geti aliyenifukuza alinifungulia lango lote, mbao mbili. Akatembea nyuma ya gari ananielekeza kwa mikono miwili: "Njoo, njoo, kata kulia, njoo, hapohapo, pumzika!" Nikaegesha kati ya Landrova na mtumbwi, kichwa kikitazama lango kama utaratibu unavyotaka. Siku nzima ile gari letu halikuwahi kuheshimiwa hivyo. Akafunga karatasi kwenye kioo cha pembeni, akaandika namba.

Baba alikuwa bado amekaa ndani.

"Na mimi ni kielelezo?" akauliza.

Askari akafikiri. Aliifikiri kweli, nilimwona. "Mzee, ushuke tu," akasema. "Ukibaki humo itabidi nikuandike."

Saa nne na nusu ndipo nilipomfikia mkuu wa kituo. Naye alikuwa muungwana, nisimsingizie. Alitupa viti, akamwamkia baba shikamoo, akasikiliza habari ya ng'ombe mwanzo hadi mwisho akitikisa kichwa. "Wizi wa mifugo ni jambo zito," akasema. "Nakupa askari wanne na silaha sasa hivi." Nikamtazama baba kwa ushindi. Ndipo mkuu akauliza, "Mna gari?"

"Tunalo, afande. Liko hapo nje."

Akachungulia dirishani. "Lile ni kielelezo. Haliwezi kutoka mpaka aliyeliandika alifute kwenye daftari la vielelezo."

"Aliyeliandika yuko wapi?"

Yuko msibani. Koplo mnene, mpole, alikuwa ameshamaliza zamu akaenda msibani, na ufunguo wa kabati la daftari mfukoni. Nilikuwa tayari kuzunguka mbuyu na kitu kidogo mkononi, nasema kweli, mwalimu wa Uraia mzima, lakini hata wa kuzunguka naye hakuwepo. Tukakaa kwenye benchi. Saa tano. Saa sita. Wauza maandazi wakamaliza, wakaja wa mahindi ya kuchoma. Baba hakula. Alikuwa ameshika fimbo katikati ya magoti, na kila filimbi ya trafiki ikilia barabarani alikuwa anainuka kidogo kwenye benchi, kisha anakumbuka yuko wapi, anakaa. Hilo nililiona. Nikajifanya nasoma kibao.

"Wenzangu wako wapi saa hizi?" aliniuliza mara moja tu.

"Watarudi mikono mitupu, utaona," nikamjibu. Nilikuwa naomba iwe hivyo. Fikiria mtu anaomba ng'ombe wa baba yake wasipatikane, ili yeye aonekane alikuwa na haki!

Koplo alirudi saa nane akiwa ameshiba ubwabwa wa msiba. Akafuta namba yetu, akapiga mhuri, na kwa mhuri huohuo pikapu ikawa gari la polisi. Askari wanne wakapanda, bunduki moja. Tulipofika Mabatini sajenti aliyewaongoza akasema tupitie mahali dakika mbili. Hizo dakika mbili zilikuwa gunia la mkaa la nyumbani kwake, halafu fundi cherehani aliyekuwa na suruali yake, halafu shemeji yake aliyetaka lifti hadi Kisesa kwa kuwa gari linaelekea hukohuko. Baba alikaa katikati yangu na shemeji, mkaa nyuma, dola juu ya mkaa.

Tukaingia kijijini saa kumi na robo. Ng'ombe saba walikuwa zizini wanacheua.

Majirani waliwapata saa sita mchana kwenye korongo lenye miba nyuma ya milima, walikofichwa kungoja giza. Nyayo ziliwafikisha pale moja kwa moja. Hakukuwa na lori. Watu walikuwa wamekaa chini uani kwetu, thelathini, arobaini, miguu imechanika, wanakunywa maji mama anawagawia. Baba akashuka na kuwaamkia, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi, kichwa chake kilivyovurugika. Hakuitikia mtu. Mama alipita na kibuyu cha maji, akampa mtu wa kushoto, akampa wa kulia.

Waliofurahi ni askari. "Kazi nzuri sana hii," sajenti akasema, akaandika kwenye karatasi zangu kwamba mifugo yote imepatikana, akaomba kuku, akaniambia nigeuze gari litazame njia. Nikawarudisha mjini. Kisha nikarudi kijijini.

Kesho yake asubuhi baba aliitwa mbele ya sungusungu kwenye uwanja wa shule, na mimi nikaitwa. Sheria yao haina vifungu vingi. Asiyeitikia mwano anatozwa ng'ombe, na akishatoa yamekwisha, watu wanamla pamoja, hakuna kinyongo. Lakini aliyemvuta mwenye zizi asiende kwenye mwano wake, huyo anahesabiwa yuko upande wa wezi. Huyo anatengwa. Yeye na mji wake, yaani watu wa nyumbani kwake, hawasalimiwi, hawapewi moto wala maji, na akifiwa anachimba mwenyewe. Wote waliniona nikiendesha. Wote walisikia honi.

Mkuu wa sungusungu akauliza, "Nani alimwondoa nani?"

Niseme kwanza huyu baba yangu ni mtu gani. Nikiwa na miaka tisa nilidanganya kwamba nimewanywesha ndama. Alinichapa, halafu hakusema nami siku tatu, na hizo siku tatu ndizo zilizoniuma. Uongo ulikuwa unamtia kichefuchefu kabisa, kama harufu.

Akasimama. "Mimi ndiye," akasema. "Mtoto alinishika mkono, akaniambia baba, mwano unalia, mwenye zizi ni wewe, utaondokaje? Nikamkatalia. Nikamwambia wezi wa siku hizi wanapakia kwenye lori. Nikamwambia twende mjini, polisi wana simu ya upepo, wakisema neno moja Magu inafungwa, Shinyanga inafungwa. Yeye ni dereva tu. Nilimlazimisha."

Alichukua maneno yangu yote, hakuacha hata moja, na mimi akanipa yake. Watu wakaanza kucheka. "Simu ya upepo!" mmoja akasema, na kicheko kikazunguka uwanja mzima, mpaka wale wa rika lake walikuwa wanajifuta macho. Yeye alisimama tu. Aliwangoja wamalize.

Na mimi ninayelipwa mshahara kwa kusema nilikuwa nimekaa kwenye dawati la wanafunzi nimetazama mikono yangu. Niliogopa, basi. Ningependa kuandika kwamba sikupata nafasi, lakini nafasi ilikuwepo, ndefu, ilitosha watu wote arobaini kucheka.

Akatozwa ng'ombe mmoja; mimi, mtoto aliyemtii baba, sikutozwa kitu. Wale wa mahari hakuwagusa. Alitoa maksai, yule mkubwa, akamleta mwenyewe kwa kamba. Wakamchinja siku ileile, wakachoma, wakala, na waliokataa salamu yake jana wakawa wanamkatia vipande vinono. Nami nikapewa changu. Nikala. Jumamosi wakwe walikuja, wakahesabu saba, wakaridhika, mdogo wangu akaoa.

Maksai mmoja havuti plau. Mvua za kwanza ziliponyesha nilikwenda kuwatazama, nikamkuta baba shambani analima kwa jembe la mkono, shamba lilelile alilokuwa akilimaliza kwa siku nne na ng'ombe wake wawili. Alikuwa hajafika hata robo. Mgongo wake haukunyooka wote aliposimama kuitikia shikamoo yangu.

Nikamwambia, "Baba, nakwenda kwa wazee leo. Nawaambia ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba ni mimi. Kwamba wewe ulitaka kwenda."

Akapangusa jembe kwa kidole gumba, akadondosha udongo. Nilidhani atanikaripia, na nilitamani anikaripie.

"Ukitengwa wewe," akasema, "mimi nitazikwa na nani?"

Akarudi kulima. Nilisimama palepale mpaka akamaliza tuta, akaanza jingine. Ndipo nikavua viatu na soksi, nikavikunjakunja pamoja, nikaenda nyumbani kumwomba mama jembe.